Mfungo wa Mama wa Maombi

Watu waliompigia simu Mama wa Maombi walikuwa hawasalimii. Simu ikipokelewa tu wanaanza na shida: mume kalazwa, rufaa ya makazi imekataliwa, binti hajalala nyumbani. Naye aliwakatiza. "Salimia kwanza. Hata Shetani alipokwenda kumsema Ayubu mbele za Mungu, alisubiri aulizwe." Mtu akishasalimia, akaulizwa habari za watoto na kazi, akajibu vizuri, ndipo anaambiwa, "Haya, lete."

Alikuwa Mrundi, mjane, na alikaa Akalla, pembeni mwa jiji la Stockholm, ghorofa ya tatu ya jengo ambamo mimi nilipanga chumba kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mahali popote. Katika ibada ya Kiswahili iliyofanyika Jumapili mchana, kwenye ukumbi tulioazimwa na Waswidi, hakuwa mchungaji wala mzee wa kanisa. Hakuwa na cheo. Alikuwa ndiye anayeombea. Warundi, Wakongo, Wanyarwanda, hata Wakenya waliovuka jiji zima kutoka Hagsätra, wote walimwita Mama wa Maombi, na jina lake halisi nililiona mara moja tu, kwenye pasipoti.

Sauti yake ya kuombea ilikuwa ndogo. Wengine waliomba kwa makelele mpaka Mswidi mwenye funguo za ukumbi akaja kuchungulia. Yeye aliongea kama mtu aliyemfuata fundi cherehani aliyemcheleweshea nguo: kwa heshima, lakini haondoki. Na mambo yalitokea. Mimi si mtu wa kanisa sana, nilikwenda kwa ajili ya wali wa baadaye na kwa sababu napenda kusikiliza watu, lakini nilimwona kijana aliyekuwa akilala kwenye ngazi za stesheni, mchafu, hajitambui, akirudi baada ya miezi amevaa tai, akimshika mkono yule mama na kulia.

Mimi aliniita Mzururaji. Niliacha shule kidato cha pili huko Kigoma, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kwenda kuona kuna nini. Nimeosha vyombo, nimehamisha samani, nimegawa magazeti alfajiri kwenye theluji. "Una miguu ya Kaini," aliniambia siku ya kwanza tulipokutana kwenye lifti. Nikamuuliza amejuaje. "Viatu. Kisigino kimelika upande mmoja." Aliposikia natoka Kigoma, ambako yeye aliishi kambini miaka mingi na ndiko alikojifunza Kiswahili, akaniuliza kama migebuka ya ziwani bado ni minono, kana kwamba nilikuwa nimetoka sokoni asubuhi ile. Tangu siku hiyo nikawa naletewa chakula.

Alilisha watu. Mkoba wake ulikuwa na mayai ya kuchemsha, maandazi, na wali uliobanwa kwenye makopo ya aiskrimu. Ukikaa karibu naye kwenye treni, yai litakufikia, uwe unamjua au humjui. Mwenyewe lakini nilimwona akila mara chache. Alikuwa akifunga. Kwa shida ndogo alifunga mpaka jioni, na kwa shida kubwa alifunga mfungo mkavu, hata maji hagusi. "Aliyeshiba haombi," alisema, "anacheua."

Kazini alikuwa mtu mwingine. Alikuwa msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee kule Spånga, na siku moja nilikwenda pale kuhamisha kabati, nikamkuta anacheza dansi na mzee wa Kiswidi aliyekuwa hakumbuki jina lake mwenyewe. Anacheka, anazungushwa. Tulipotoka nikamuuliza kama wale wazee nao huwaombea.

"Hawajaniomba."

"Lakini mama, wako kwenye shida kuliko sisi."

"Mwanangu, mimi sivunji mlango wa mtu. Nabisha hodi, wakinyamaza naondoka."

Nililikumbuka neno hilo mara nyingi baadaye, kwa sababu kulikuwa na mlango mmoja ambao hakubisha.

Alikuwa na mtoto mmoja, Elia, aliyeletwa Sweden akiwa mdogo. Mama alimsemesha Kirundi, yeye alijibu Kiswidi, na kila mmoja alielewa alichotaka kuelewa. Kijana mrefu, mpole, aliyepiga gitaa la besi kanisani huku akiangalia sakafu. Baada ya shule alipata kazi ghalani, na majira fulani ya baridi akaacha kuongea. Alikuwa halali. Tangu kambini alikuwa mtoto wa usingizi mwepesi, lakini sasa usingizi ulikuwa umekwisha kabisa. Halafu akaenda matembezi Nepal na wenzake wa kazini. Wenzake wakarudi, yeye akabaki. Alipiga simu mara chache kutoka mahali penye upepo, akasema yuko kijijini juu milimani, kando ya monasteri ya Wabudha, anasaidia kujenga, anajifunza mambo yao, hajambo. Kisha akatuma picha. Alikuwa amenyoa kichwa.

Kanisani Mama wa Maombi alisema Elia yuko India, anasomea kompyuta.

Na huyu ndiye aliyekuwa akitukemea kwa uongo wa simu. "Usiseme uko Kista wakati uko kitandani. Uongo mdogo una mimba." Kinywa kile kile kikasema India, kikasema kompyuta, kikasema mwaka wa pili sasa. Watu wakampongeza. Yeye akaitikia "Amina" na kuanza kutafuta kitu ndani ya mkoba.

Jumamosi moja alikuja mlangoni kwangu bila sahani. Hapo nikajua kuna jambo.

"Mzururaji, Nepal unaijua?"

"Nilifanya kazi ya jikoni Kathmandu, mama. Msimu mmoja."

"Nipeleke nikamchukue mwanangu."

"Elia ni mtu mzima."

"Ndiyo maana naenda. Angekuwa mtoto ningetuma mtu."

"Huko aliko hakuna barabara. Ni kutembea kwa miguu, kupanda, siku baada ya siku."

Akacheka, kicheko kifupi. "Wewe ndiye wa kunifundisha mimi kutembea?"

Hapa inabidi nieleze alivyochukia kutembea. Kituo kimoja tu cha basi, atasubiri basi. Kule kwenye uwanda wa Järva, Waswidi wastaafu walipita wakitembea kwa kasi na fimbo zao mbili mbili, naye aliwaangalia kutoka roshani yake kwa mashaka. "Nani anawafukuza?" Nikamwambia wanafurahia. "Mtu hufurahia kufika," akasema. Alikuwa ametoka kwao kwa miguu hadi mpaka wa Tanzania, Elia mgongoni. Jambo hilo alinisimulia mara moja tu, tukiwa tumekaa kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu tukisubiri mashine zimalize. Alisema walikuwa wengi walipoondoka, na hawakuwa wengi walipofika. Halafu mashine yake ikalia, akainuka kutoa mashuka.

Basi huyo ndiye niliyeshuka naye kwenye basi pale barabara ilipoishia, katika bonde la kaskazini lililopakana na Tibet, amevaa suruali ya mitumba na kanga juu yake, mwavuli mkononi. Mwongozaji wetu aliitwa Nima, mwenyeji wa bonde lile, aliyewahi kuwapikia wapanda milima na sasa alikuwa akiyalalamikia magoti yake kutwa nzima. Mimi na yeye tuliongea Kiingereza. Nima alimwita yule mama "Ama", na neno hilo halikuhitaji mkalimani.

Alitembea vizuri kuliko mimi. Polepole, bila kusimama, kama mtu anayeyajua mambo hayo na hayapendi. Siku za mwanzo njia ilipita msituni, mto ukinguruma chini, miti ya maua mekundu juu yetu, nyani wa uso mweusi na manyoya meupe wakitukodolea macho. Tulivuka madaraja ya waya yanayoning'inia, yeye amefumba macho, anaimba pambio la Kirundi. Tukifika kijiji, haendi chumba cha wageni. Anaingia jikoni, anachuchumaa penye moto, anachukua kisu na kuanza kumenya viazi na wanawake wa nyumba. Hawana lugha moja, lakini wanacheka. Kabla ya chakula kuiva tayari ana mtoto wa mtu mgongoni, amefungwa kwa kanga.

Watu aliwapenda. Mawe yao aliyachukia. Kila kijiji cha kule juu kina ukuta mrefu katikati ya njia, wa mawe bapa yaliyochongwa maneno ya sala, jiwe juu ya jiwe, kazi ya babu wa babu zao. Desturi ni kuupita ukiwa upande wa mkono wako wa kulia. Nima alitueleza mapema. Mama wa Maombi aliupita upande mwingine, kila ukuta, kwa makusudi, hata pale upande huo ulipokuwa na tope na kinyesi cha yaki, wale ng'ombe wao wenye manyoya yanayofagia ardhi.

Nima akaniuliza kama hiyo ni desturi ya kanisa letu. Nikamjibu ni desturi yake mwenyewe.

"Muulize anaogopa nini."

Nikamuuliza. "Mwambie siogopi," akasema. "Mtu akienda kudai chake kwenye boma la mwingine, hazunguki ua akiusifu."

Nikatafsiri. Nima akacheka mpaka akakaa chini. "Mwambie na mimi nina mwanangu. Yuko Qatar, anabeba zege. Hajaja nyumbani tangu alipooa. Akinionyesha wa kumdai, nitafuatana naye."

Mama wa Maombi hakucheka. Aliuliza jina la kijana huyo, akalirudia mara mbili ili alitamke sawasawa, na jioni ile, kwa sauti yake ndogo, alimwombea kwa muda mrefu. Nima alisikia jina la mwanawe likipita katikati ya maneno asiyoyajua. Kesho yake alibeba mkoba wa yule mama juu ya mzigo wake na hakukubali kuutoa.

Miti ilipokwisha, ikabaki mawe, nyasi fupi na barafu juu ya vilele, ndipo nilipogundua kwamba kwa siku kadhaa nimekuwa nikila sahani mbili. Alikuwa akinisogezea yake. Kama si mimi, mbwa. Chai yao ya chumvi na siagi, ambayo mwenyeji huijaza tena ukinywa hata funda moja, aliishika mkononi mpaka ikapoa, akiisifia kwa ishara, halafu akaiacha.

"Mama, umefunga?"

"Ulidhani nimekuja kutalii?"

"Tangu lini?"

"Tangu kijiji cha pili. Mambo ya namna hii hayatoki ila kwa kufunga. Soma."

"Na maji?"

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nikamweleza kwamba huku juu hewa ni nyepesi, mwili unataka maji na chakula, watu wenye nguvu kuliko sisi wamefia kwenye njia hii. Nikamuuliza kama kichwa kinauma.

"Kinauma sana."

"Hiyo ndiyo dalili!"

"Ndiyo dalili," akasema, na macho yake yakawaka. "Ukikaribia lango, mlinzi huamka. Nimeombea watu miaka mingi, Mzururaji, nakijua kichwa hiki. Tuko karibu."

"Ni hewa, mama."

"Na hewa ni ya nani?"

Niligombana naye kama nilivyogombana na watu wachache maishani. Nilimwambia akifa, Elia atapata nini? Nima akasema tushuke siku ile ile. Mama akasema tukishuka yeye atapanda peke yake, na akaanza kupanda. Tulimkamata, tukamlaza siku nzima kwenye nyumba ya kikongwe mmoja aliyemfunika mablanketi na kumsugua miguu, na kwa ajili ya kikongwe yule alikubali kulowesha midomo. Zaidi ya hapo, hapana. Kwake kula wakati ule kulikuwa ni kumuuza mtoto. Alikuwa na hakika kwamba Elia amefungwa, na kwamba minyororo hulegea kadiri yeye anavyodhoofika. Alikuwa ameyaona yakitokea kwa watoto wa wengine.

Tulimkuta Elia juu ya ukuta wa nyumba isiyo na paa bado, mikono ina matope, kichwa kinang'aa. Alisimama. Mama yake alikuwa akipanda kile kiteremko cha mwisho kama mlevi, mguu mmoja hujui utakanyaga wapi, na mwavuli umefunguka bila mvua. Elia akaruka chini, akaja mbio. Alipomfikia akainamisha kichwa, kwa desturi ya kule, ambako watu wa ukoo mmoja hugusana mapaji ya uso.

Yule mama akaweka mikono miwili juu ya kichwa kile. Kila mtu wa Akalla anajua kinachofuata mikono ile ikishuka kichwani. Nilisubiri. Nilimwona akivuta pumzi, midomo ikicheza. Hakuna kilichotoka. Mwishoni alisema kwa Kirundi, "Mwana wanje," mwanangu, kisha akatapika, akaanguka.

Ndani, wakati Nima ametoka kutafuta farasi, Elia alikaa naye amemshika mkono. Mama akamuuliza kwa nini. Neno hilo moja tu. Akamjibu kwa Kiswidi kwamba huku analala. "Jag sover här, mamma. Nikilala, naamka kumekucha." Alilisema kwa aibu kidogo, kama mtu anayeonyesha mali asiyoamini ni yake. Yule mama alikuwa amefumba macho. Sijui kama alisikia.

Dawa ya ugonjwa ule ni kushuka. Tulimpandisha farasi, Elia akashika hatamu, tukarudi kwa njia tuliyojia. Mwanzoni aliongea maneno yasiyoeleweka. Kadiri tulivyoteremka ndivyo alivyorudi, kama taa inayopandishwa utambi. Tulipoingia tena msituni aliniuliza yule ndege mwekundu anaitwaje. Tukafika nyumba ya wageni iliyo kabla ya daraja la waya, na pale, baada ya kumpumzisha, Elia akasema yeye ataishia hapo, arudi juu. Mama hajambo sasa, Nima yupo, mimi nipo. Ana kazi ya paa kabla ya theluji.

Nikaenda jikoni kumtafuta mama. Alikuwa peke yake mbele ya moto, na bakuli mapajani. Anakula. Viazi vya moto vimechovywa kwenye chumvi na pilipili, anavimenya kwa kucha, anameza kabla havijapoa. Bakuli jingine tupu lilikuwa miguuni pake.

"Funga mlango," akasema.

"Mama, umepona!"

"Punguza sauti."

"Elia anafunga mkoba wake. Anarudi juu. Njoo basi umuage."

Aliangalia kiazi kilichobaki. Akakila. Akanipa bakuli, akajifuta vidole kwenye kanga, kisha akaenda kwenye benchi iliyo chini ya dirisha, akajilaza, akajifunika blanketi mpaka kidevuni, akaanza kuugua. Alikuwa amewauguza wazee kwa miaka, alijua kila sauti inatoka wapi kifuani.

"Mama," nikamwambia.

Akafungua jicho moja. "Nyamaza, mwanangu. Nakuomba."

Elia aliingia. Alisimama kidogo mlangoni, akaja, akamshika paji la uso kwa kiganja, akakiacha pale muda mrefu. Halafu akasema kwa Kiswidi kwamba atafuatana naye mpaka Kathmandu. Kathmandu akasema atamfikisha nyumbani. Nyumbani akakaa.

Ushuhuda alioutoa Jumapili ya kwanza baada ya kurudi bado unasimuliwa. "Nilipanda kumfuata, Mungu akamshusha." Vigelegele vikapigwa, ngoma zikapigwa, mchungaji akalia. Kuhusu India na kompyuta hakuna aliyeuliza. Muujiza uliufunika uongo. Elia alikaa safu ya nyuma, kofia ya sufu kichwani, akiangalia sakafu.

Sifa za Mama wa Maombi zikaongezeka. Lakini aliyekaa naye karibu angeona kwamba kuna kitu kimeharibika. Alikuja dada mmoja Mkenya kutoka Hagsätra, mhasibu, ambaye binti yake alikuwa amehamia kwa mwanamume na kukata simu. Niliwakuta sebuleni. Mama wa Maombi aliomba vizuri, akamaliza, akasema amina. Yule dada hakuinua kichwa.

"Haki mama, umeombea afya, umeombea kazi, umeombea hata alale vizuri. Hujaomba arudi."

"Nilisikia ulichotaka."

"Sasa?"

"Hilo omba mwenyewe. Kinywa changu hakilitoi."

"Nimevuka mji mzima kwa hilo tu!"

"Basi kula kwanza," alimwambia, "njia ni ndefu." Akampakulia wali mwingi kupita kiasi.

Elia alirudi kazini ghalani. Alikuwa mtoto mwema: aliosha vyombo, alimbebea mama yake mizigo, hakuinua sauti. "Hakuna siku aliyonijibu vibaya," mama aliniambia, na alilisema kama malalamiko. Kulala, hakulala. Ukuta wa chumba cha mama ulipakana na sebule. "Nasikia bomba la maji. Nasikia friji inafunguliwa. Halafu nasikia anakaa, na hicho ndicho kibaya zaidi, maana baada ya hapo hakuna kitu cha kusikia." Alikuwa amempeleka kwa daktari, amempikia maziwa, amemwombea. Uso wa kijana ukawa wa kijivu tena, kama ule wa majira yale ya baridi.

Mara moja tu nilithubutu. Tulikuwa tunasubiri lifti.

"Mama, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Unajua."

Akanigeukia. "Wewe ulikuwa jikoni. Mimi nilikuwa jikoni. Mungu alikuwa jikoni. Watatu tunatosha."

Lifti ikaja, akaingia, mimi nikapanda ngazi.

Baadaye miguu ikaanza kuniwasha, nikaenda Norway kwenye viwanda vya samaki, kisha mahali pengine, na miaka ikapita. Niliporudi Stockholm kutafuta kazi nilimkuta mchana mmoja kwenye stesheni ya Spånga, amekaa kwenye benchi, ametoka zamu. Alikuwa amepungua. Alinitambua kabla sijamsalimia.

"Mzururaji. Umenyeshewa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Elia hajambo?"

"Ameondoka. Wiki jana nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege."

"Amerudi kule kule?"

"Kule kule."

Nikataka kutania, nikamwambia, "Umemfukuza?" Hakucheka. Alikuwa akiangalia reli.

"Nilimwambia. Yale ya jikoni. Kwamba nilikuwa nimepona, na viazi nilivyokula, na kuugua kwangu kote. Nilimketisha mezani nikamwambia yote. Nilidhani atanipigia kelele. Nilitaka anipigie kelele, mwanangu. Angenipigia kelele ningejua tumelingana."

"Akasema nini?"

"Alisema kwa Kirundi. Kirundi kibovu, cha kitoto, sijui alikitoa wapi. Alisema, 'Mama, nilikuona. Nilikuwa nje dirishani.'"

Treni ya upande wa pili ilipita, tukasubiri kelele ziishe.

"Alikuona ukila?"

"Aliniona nikila. Akaniona nikijilaza. Kisha akazunguka nyumba, akaingia, akanishika paji la uso. Nikamuuliza, sasa mbona ulikuja? Akasema, 'Nilifikiri, kama mama yangu amefika mahali pa kuigiza, basi ameishiwa kabisa. Sikuweza kukuacha pale.' Miaka yote ile, Mzururaji. Amekaa sebuleni kwangu, macho wazi, na anajua."

Nikasema la kwanza lililonijia. "Mama, basi hukumteka. Alikuja mwenyewe. Hiyo si afadhali?"

Treni ya mjini ikaingia. Alinishika mkono apate kuinuka, na akaendelea kunishika hata baada ya kusimama.

"Watu wote watasema hivyo," alisema. "Lakini mimi ningependa awe hakujua."

Akapanda.